Tungule Nzima kwenye Pilau ya Posa

Leo nimeadhirika, jamaa. Nimeadhirika mchana kweupe, baada ya sala ya Ijumaa, mbele ya mtu mmoja tu duniani niliyetaka anione nina akili. Sogeeni. Mwenye kahawa, nitilie kikombe. Seif, wewe njoo ukae hapa ubavuni kwangu. Au hapana, yakhe. Kaa pale pale mwisho wa baraza, panatosha.

Najua mnakitazama kikoi changu. Ndiyo, hicho ni kinyesi cha kunguru. Nitafika huko. Mkinikatiza sisemi tena. (Nitasema tu. Nikinyamaza nitapasuka.)

Tungule zangu mnazijua, maana mmezicheka tangu siku ya kwanza. Kule Mbaraki ninakotunza bustani ya Mzungu, memsab alipanda tungule, nyanya ndogo ndogo, ukubwa wa goroli, nyekundu, zinazaa shada zima kwenye kikonyo kimoja. Anazila mbichi. Anachoma moja kwa uma, anaitia mdomoni nzima, basi. Siku moja nikamwomba zile zilizoiva mpaka zikaanguka chini. Akanipa tatu. Nikazikamua mbegu juu ya kipande cha gazeti, nikazianika, nikazichanganya na jivu, nikazipanda kwenye madebe ya mafuta ya taa juu ya sakafu, kwenye paa bapa la nyumba yetu. Samadi nimeibeba mwenyewe kichwani kutoka Makupa. Njia nzima watu wananipisha, wallahi sijawahi kuheshimiwa vile.

Nanyi mkaniambiaje? Seif alisema nalima shanga. Mwengine akaniuliza kama nitazitunga uzi. Sawa. Nikasema moyoni, siku yao itafika.

Imefika leo.

Sasa sikilizeni msilolijua. Mimi nimeposa. Ee! Fungeni vinywa, nzi wataingia. Ni miezi miwili sasa tangu ami yangu Omari apeleke posa kwa Fundi Abdalla, yule mshona kanzu, mzee ambaye mkunjo haukai kwenye nguo yake hata akiinuka kutoka kwenye mkeka. Ana binti, Zainabu. Nimemwona mara moja tu, alipofungua dirisha kumfukuza kunguru aliyetua kwenye nguo zilizoanikwa. Alimkaripia yule kunguru kwa adabu, akimwita "wewe bwana usiye haya". Nami nina vita na kunguru kila siku. Nikasema moyoni, Athmani, huyu ndiye.

Sikuwaambia kwa sababu nawajua. Ningewaambia asubuhi, adhuhuri habari ingekuwa imefika mpaka Tononoka.

Basi miezi miwili, jibu hakuna. Si ndiyo, si hapana. Kila nikipita mbele ya duka la mzee natembea kama mtu mwenye kazi ya haraka, mzee hanyanyui hata jicho kwenye sindano. Nikakonda. Shangazi Mwanaisha, anayeishi nami na kunipikia, akadhani nina minyoo. Halafu juzi Ami Omari akaja nyumbani anacheka peke yake.

"Athmani, mzee atakuja kula kwetu Ijumaa."

"Mzee gani?"

"Fundi Abdalla. Anasema anataka aone unavyoishi. Jibu atalitoa akishanawa mikono."

Nilifurahi nikamkumbatia mbuzi wa jirani. Nilimwambia na habari yenyewe. (Mbuzi hakutangaza. Mnaona tofauti yenu na mbuzi?)

Nikapanga kila kitu. Pilau ya nyama ya mbuzi, ingawa mchele siku hizi ni wa mgao, wa kupimiwa, na Shangazi alikuwa akiuweka akiba tangu mwezi uliopita. Sharubati ya ndimu. Ndizi mbivu. Na juu ya yote, tungule zangu! Mzee ale kitu ambacho hakuna nyumba yoyote Mji wa Kale imewahi kumlisha, halafu nimwambie hivi, taratibu, bila kujisifu, kwamba nimezipanda kwa mkono wangu.

Jana nikapiga pasi kanzu yangu. Pasi ya makaa, nanyi mnaijua tabia yake. Nikawa namfikiria Zainabu. Nilipokuja kusikia harufu, kanzu ilikuwa na tundu ukubwa wa sahani, tena nyuma, mahali ambapo mtu akiinama hana siri tena.

Ndipo leo alfajiri nikaja kwako, Seif, nikakuomba ile kanzu yako nyeupe yenye darizi shingoni. Nikakwambia naenda hitima Tononoka. Seif, ndugu yangu, hakuna hitima. Tononoka wote wazima, alhamdulillahi. Tulia kwanza. Mbona unaniangalia hivyo? Kunywa kahawa.

Lipo na la kikoi. Mimi nina vikoi viwili. Kimoja Shangazi alikifua jana jioni hakijakauka. Cha pili ni hiki. Usiku upepo ulipasua chandarua cha zamani nilichozifunikia tungule, na asubuhi nakuta kunguru wawili wamekaa ukingoni mwa sakafu wananawa midomo. Ningefanya nini? Nikavua kikoi, nikazifunika. Mimi nikajifunga leso ya Shangazi, kanga ile nyekundu yenye maua makubwa ya njano, nikavaa kanzu ya Seif juu yake. Nikajitazama. Kanzu inafika vifundoni. Nikasema, nani ataona?

Nikateremka jikoni na kikapu kimejaa. Zinang'aa! Kila moja imeiva sawasawa na mwenzake. Shangazi alikuwa anakata vitunguu vya kachumbari. Akashika moja, akaiweka juu ya kibao, akaigusa kwa kisu. Ikateleza, ikaviringika, ikaingia chini ya jiko.

"Hizi mimi nitazikataje?"

"Usizikate, Shangazi. Zinaliwa nzima."

"Nzima na ngozi yake?"

"Memsab anazila nzima kila siku."

Shangazi akanitazama kama anavyonitazama siku zote nikimtaja memsab.

"Memsab anakula kwa uma, Athmani. Sisi tunakula kwa mkono."

Nikacheka. Nikamwambia mkono na uma yote ni njia ya kufika mdomoni. Haya, mimi ndiye niliyesema hayo. Nikazichukua zile tungule nikazipanga kuizunguka pilau yote, halafu nikaona bado, nikazididimiza nyingine mle mle ndani ya wali, ili mzee akifukua akutane nazo kidogo kidogo, apate furaha baada ya furaha. Shangazi akafunika sinia kwa kawa. Angenipiga na mwiko pale pale ningeshukuru sasa hivi.

Baada ya sala, hodi. Ami Omari mbele, Fundi Abdalla nyuma, kanzu yake imenyooka, miwani puani, futi yake ya kupimia inaning'inia shingoni. Hata Ijumaa haiachi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo, mzee. Karibu, karibu ndani, karibu mkekani, jisikie uko kwako." Nilimkaribisha mara sita. Ami akanikanyaga mguu nikaacha.

Tukakaa. Shangazi yuko nyuma ya pazia, nasikia pumzi zake. Mzee anatazama dari, anatazama ukuta, anatazama taa. Halafu akanitazama mimi kifuani, akakaa hapo. Muda mrefu.

"Kanzu nzuri," akasema.

Jamaa, ningesema "ahsante". Neno moja. Mtoto mdogo analijua.

"Hii, mzee, nimeshonewa Lamu!" Mdomo ulikwenda wenyewe. "Kuna fundi mmoja kule, ana mkono wa ajabu. Tazama darizi hii. Hapa Mombasa mafundi wetu wanajitahidi, lakini mkono kama huu hawana."

Ami Omari akashikwa na kikohozi. Ndipo nikakumbuka mgeni wangu anafanya kazi gani.

"Sikusudii wewe, mzee!" nikasema. "Nakusudia wale wengine."

"Lamu," mzee akasema.

"Naam."

"Anaitwa nani fundi huyo?"

"Anaitwa... Fundi Bwana."

"Fundi Bwana," mzee akasema, akatikisa kichwa polepole. "Mashallah."

Nikapiga kelele Shangazi alete chakula. Sinia likaja. Tukanawa. Nikafunua kawa kwa mkono wangu, na wallahi lilikuwa sinia la kutazamwa: mvuke, harufu ya bizari, wali umechambuka, na tungule zangu nyekundu zimeuzunguka mlima wote. Moyo wangu ulijaa. Ami akasema, "Mashallah, hizi nini, tende mbichi?" Nikasema, "Tungule, Ami. Za kupanda mwenyewe." Mzee akanyanyua nyusi. Kidogo tu, lakini nimeona. Nikasema moyoni, Zainabu, kazi imekwisha.

"Bismillahi."

Mzee akatia mkono. Akakusanya wali kwa vidole vitatu, akatafuta kipande cha nyama, akaanza kufinyanga tonge. Nanyi mnajua sisi tonge hatulitupi tu mdomoni, tunalibana likashikana. Na vidole vya Fundi Abdalla vimeshika sindano tangu sisi hatujazaliwa. Akabana. Ndani ya tonge lile mlikuwa na tungule moja, ile niliyoididimiza mwenyewe kwa mapenzi. Akabana mara ya pili.

Pwaa!

Mchirizi ulikata sinia zima, ukapita juu ya ndizi, ukanipata kifuani. Kifuani hasa, pale darizi inapoishia. Ya moto! Nikatazama chini. Doa jekundu limekaa kwenye weupe ule, na mbegu mbili zinateremka taratibu, hazina haraka.

Seif, nimekwambia tulia.

"Subhanallah," akasema Ami Omari.

"Si kitu!" nikasema. "Si kitu, mzee, ndio utamu wake huo, umejaa umezidi! Tazama, zinaliwa hivi." Nikachukua tonge langu. Nilitaka mzee asione haya, nilitaka aone jambo lenyewe ni la kawaida, watu wanakula, hakuna neno. Nikabana huku nikitabasamu.

Yangu ilikwenda juu. Iliingia kwenye miwani ya Fundi Abdalla, kioo cha kushoto, ikakienea chote, na ganda likabaki limening'inia kwenye fremu.

Mzee hakutikisika. Alibaki na jicho moja linaniangalia na jengine limefunikwa na tungule. Nyuma ya pazia kifuniko cha sufuria kilianguka, halafu nikasikia Shangazi anakimbilia uani akiwa ameziba mdomo. Anadhani sikusikia. Hata majirani wamesikia.

Nilitaka ardhi inimeze. Nilitaka nife, mje kweli kwenye hitima, na iwe Tononoka. Mzee akavua miwani. Akaifuta kwa kitambaa, kioo cha kulia kwanza, ingawa hakikuwa na kitu. Akaivaa. Akanitazama.

"Vua," akasema.

"Nini, mzee?"

"Kanzu. Vua. Doa la tungule likikauka halitoki tena."

"Haidhuru, mzee, tule kwanza."

"Kijana, nguo nyeupe mimi siwezi kuiona hivi nikala. Vua."

Nikamtazama Ami. Ami ananitolea macho nivue. Ami hajui. Nyumba nzima hakuna anayejua ila mimi na leso. Nikasema labda nikavulie ndani, mzee ameshanyosha mkono. Nikavua, jamaa. Mbele ya baba wa Zainabu nikasimama nimevaa fulana yenye matundu (mengine nilikuwa siyajui mpaka leo) na leso nyekundu ya maua ya njano, nimeifunga kiunoni kwa fundo la kike, kwa sababu fundo jengine lilikuwa linateleza.

Ami Omari akafunika uso kwa mkono wenye wali.

Mzee hakusema neno juu ya leso. Akaomba ndimu, chumvi na maji baridi. Shangazi akavipitisha chini ya pazia, nasikia kicheko anakibana. Mzee akasugua taratibu, kwa ndani, kwa nje, kama mtu anayemwosha mtoto uso. Halafu akaigeuza shingo ya kanzu, akasogeza miwani, akaniita.

"Njoo uone."

Nikaenda nimeshika fundo langu.

"Unaona huu uzi mwekundu? Mishono mitatu, hapa ndani, mahali asipopaona mtu?"

"Naona, mzee."

"Kila kanzu ninayoishona mimi naiweka mishono hiyo. Mafundi wengine hawaweki. Wa Lamu pia hawaweki."

Nikalikaza fundo langu.

"Hii nimeishona mimi," akasema. "Ni ya Seif, ya arusi yake. Dada yake ndiye aliyekileta kitambaa. Nimeitambua uliponifungulia mlango. Nikasema ngoja nisikie atasema nini. Ukaniambia Fundi Bwana."

"Nimeazima, mzee," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. "Yangu imeungua. Niliona haya. Nisamehe."

Nikaona jibu la posa linarudi mfukoni kwake, linafungwa kifungo. Halafu akachukua tungule moja ukingoni mwa sinia, akaigeuza vidoleni, kwa uangalifu safari hii.

"Na hizi?" akasema. "Nazo umeazima?"

Jamaa! Nilikuwa nimeinama kwa haya, lakini neno lile lilinichoma. Kanzu niite mwongo, sawa, stahili yangu. Lakini tungule? Samadi ya Makupa kichwani mwangu? Kunguru ninaopigana nao kila siku?

"La!" nikasema, na nilisema kwa ukali, mbele ya mzee, Mungu anisamehe. "Tungule ni zangu! Zangu wallahi! Twende ukaone!"

"Athmani," akasema Ami.

"Twende akaone, Ami!"

Nikatangulia ngazini. Mzee nyuma yangu. Nilikuwa nimepandwa na hasira mpaka nikasahau nimevaa nini. Nikatoka juani juu ya sakafu, nikanyosha mkono, nikasema, "Haya!"

Ijumaa baada ya sala, Mji wa Kale. Wanawake wa mtaa mzima wako juu ya masakafu yao wanaanua nguo. Sakafu ya kulia, sakafu ya kushoto, na ile ya mbele. Wote wakageuka. Halafu mmoja akasema kwa sauti ya kutosha:

"Maua yamekupendeza, Athmani!"

Halafu vicheko vikahama sakafu moja kwenda nyingine mpaka sikujua vinaishia wapi. Kesho msiniulize kama habari imefika Tononoka.

Lakini sikurudi chini. Ningerudi ningekuwa mwongo mara mbili. Nikafunua kikoi, nikamwonyesha mzee madebe yote. Nikamweleza jivu, nikamweleza maji ya kuoshea mchele ninayoipa miche asubuhi, nikamwonyesha vijiti nilivyoifungia isianguke, na nyuzi za kufungia, nilizozichambua kwenye gunia uzi mmoja mmoja. Nilimwambia na vita vyangu na kunguru. Mzee anapita debe kwa debe. Akashika fundo moja la uzi, akalivuta. Halikufunguka.

"Nani kafunga haya?"

"Mimi, mzee."

"Mkono mzuri," akasema.

Akachuma tungule moja. Akaipangusa. Akaitia mdomoni nzima, akafumba midomo, ndipo akatafuna. Hakuna tone lililotoka. Akameza.

"Hivi ndivyo zinavyoliwa," akasema. "Mtu anatia, anafumba mdomo, ndipo anabana. Ungeniambia mapema."

Nikaona ndevu zake zinatikisika. Mzee alikuwa anacheka! Anacheka kwa ndani, mabega yanapanda na kushuka, mpaka akavua miwani akapangusa macho. Mimi sikujua nicheke au nilie. Nilisimama tu na leso yangu.

Alipomaliza kucheka, akaitoa futi shingoni.

"Geuka."

"Mzee?"

"Geuka. Simama wima. Usivute pumzi."

Akanipima bega. Akanipima mkono. Akapiga goti akanipima mpaka kifundoni, huku wanawake wote wa mtaa wanatazama na mimi nimeshika fundo la leso kwa mikono yote miwili. Nikaogopa kweli, jamaa. Nilidhani ananipimia sanda.

Nikamtazama Ami Omari, amesimama mlangoni mwa ngazi. Ami amenyosha mikono juu, anasema, "Alhamdulillahi! Alhamdulillahi!" Chini jikoni Shangazi akapiga kigelegele, akakipokea yule wa sakafu ya kulia, wakakipokea wote. Mtaa mzima umeelewa. Mimi peke yangu, nimesimama pale, nauliza, "Nini? Kuna nini?"

Mzee akazungusha futi yake akaitia shingoni.

"Mume wa Zainabu," akasema, "hataoa na kanzu ya kuazima."

Jamaa, nililia. Ndiyo, nililia, na nikajipangusa kwa pindo la leso ya Shangazi, mtaa mzima ukaona na hilo. Sijali! Nimekubaliwa! Arusi baada ya Maulidi, inshallah! Mzee akateremka, akakaa, akala pilau yake mpaka tukaona sinia, na kila tungule aliitoa kwanza pembeni, akaila peke yake, mdomo umefumbwa. Alipoondoka alichukua kikapu kizima ampelekee Zainabu. Mlangoni akageuka akaniambia, "Na leso umrudishie mwenyewe."

Ndiyo habari yenyewe. Kikoi nimekichukua juu ya tungule kama kilivyo, na kinyesi cha kunguru juu yake, kwa sababu kile kingine bado kibichi, nikakimbia nije niwaambie kabla hamjasikia kwa wanawake.

Limebaki moja dogo. Seif, ndugu yangu. Doa halikutoka. Limepungua, limebaki la rangi ya waridi, ukubwa wa tungule moja. Mzee ameichukua kanzu, atajaribu na jua. Anasema Jumatatu twende sote wawili dukani kwake, na wewe ndiye utakayemwelezea kwa nini uliazimisha kanzu ya arusi yako kwa mtu kama mimi.

Unakwenda wapi? Seif! Rudi ukae! Tazama, nimekuletea tungule, nimezifunga kwenye gazeti, nimekuchagulia zilizoiva. Nanyi msicheke, tafadhali, leo nimeshachekwa na masakafu matatu. Shika, Seif. Tia mdomoni nzima, na kabla hujasema neno lolote, fumba mdomo.